SOMO LA HISTORIA: MBARAKA MWINSHEHE, MTUNGAJI WA MOROGORO

Maneno ya somo lililosomwa katika redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Mwalimu wa darasa awasomee wanafunzi wake polepole, kisha wao wasome wenyewe, kila mtu kifungu kimoja.

Hamjambo, ndugu wanafunzi. Hamjambo ninyi wa Liganga, na ninyi wa Makambako, na ninyi wa Njombe mjini. Natumaini mmekwisha kukaa, redio imewekwa mahali pa juu, na kila mtu ana daftari na kalamu. Aliyechelewa shambani aingie polepole, tutamngoja.

Leo ni somo la historia. Wengi wakisikia neno historia hufikiri habari za vita na wafalme. Hizo ni historia, lakini siyo zote. Mtu aliyefanya kazi yake vizuri, watu wakamkumbuka baada ya kufa, yeye pia ana historia. Leo nitawasimulia habari za mtu mmoja aliyetunga nyimbo, akaziimba mwenyewe, na kupiga gita mwenyewe. Jina lake ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Alizaliwa mwaka 1944, akafa mwezi wa Januari mwaka 1979. Fanyeni hesabu kidogo. Hakufikisha miaka 35.

Mtu wa namna hii si mgeni kwetu. Katika nyanda hizi za juu za kusini, zamani kabla ya gita, palikuwa na mpiga ligombo. Alishika ala yake ya nyuzi, akaimba habari za watu, sifa zao na aibu zao. Alitunga mwenyewe na kuimba mwenyewe. Mbaraka alifanya kazi ile ile. Ila yeye alikuwa na gita la umeme, na nyuma yake bendi nzima, na sauti yake ilifika mbali kwa redio.

Kwa nini Morogoro?

Kwanza tujiulize: kwa nini muziki wa dansi ulistawi Morogoro? Angalieni ramani. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam inapita Morogoro. Barabara ya kwenda Dodoma na barabara ya kuja Iringa zinaachana hapo. Na kuzunguka mji palikuwa na mashamba makubwa ya mkonge. Penye reli, barabara na mshahara wa kila mwezi, hapo watu hukusanyika; na watu wakikusanyika, Jumamosi jioni hutaka kucheza.

Wazee wa Njombe wanayajua mashamba hayo. Wakati wa ukoloni vijana wengi wa huku waliandikwa kwenda kukata mkonge Morogoro na Tanga. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Walipomaliza mkataba walirudi na blanketi, nguo, na nyimbo. Basi msifikiri kwamba muziki wa Morogoro ni mali ya Morogoro tu. Jasho la watu wa Njombe limo.

Muziki wenyewe ulitoka pande nyingi. Tangu miaka ya 1930 ziliuzwa Afrika Mashariki santuri za nyimbo za Cuba. Vijana walizisikiliza kwenye gramafoni, wakaziiga, kisha wakatia maneno yao ya Kiswahili. Mmoja wao alikuwa Salum Abdallah wa Morogoro. Bendi yake, Cuban Marimba, ilijulikana nchi nzima. Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, na baadaye bendi ikaongozwa na Juma Kilaza. Bendi ya pili ya mji huo iliitwa Morogoro Jazz. Bendi hizi mbili zilishindana sana. Hata watu wa mji waligawanyika, huyu shabiki wa bendi hii, yule wa bendi ile, kama vile leo watu wanavyogawanyika kwa mpira.

Kijana anaingia bendi

Katikati ya miaka ya 1960 Mbaraka, kijana wa miaka ishirini hivi, aliingia Morogoro Jazz. Baada ya muda mfupi yeye ndiye aliyekuwa mpiga gita la solo, mtungaji, na mwimbaji wa mbele.

Wengine wenu hamjui kazi za magita katika bendi, basi sikilizeni. Gita la besi lina sauti nzito, ndilo linalobeba wimbo kama nguzo inavyobeba paa. Gita la ridhimu hupiga mapigo yale yale bila kuchoka. Na gita la solo husema. Mwimbaji akinyamaza, solo humjibu, kama watu wawili wanaozungumza njiani. Mbaraka alikuwa anaimba na kujijibu mwenyewe kwa gita. Si kazi rahisi.

Nyimbo za dansi za wakati ule zilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya polepole, nayo ndiyo yenye maneno. Hapo mtu husikiliza habari: mapenzi, fedha, shemeji, safari. Sehemu ya pili ni chemko. Hapo mwendo huongezeka, magita hushika kazi, na watu hucheza. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina, ili wachezaji waitambue. Morogoro Jazz walikuwa na Likembe na Sululu.

Sasa ingieni ndani ya bendi mwone mambo ya fedha. Magita ya umeme, vipaza sauti na ngoma ni vitu vya bei kubwa. Kijana fundi hakuweza kuvinunua. Aliyevinunua ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Mwanamuziki alipiga gita lisilo lake, akalipwa kutokana na kiingilio cha mlangoni au kwa mshahara. Akiondoka, anaondoka na vidole vyake tu. Nyingine zilikuwa bendi za vyama na mashirika. Kwa mfano, NUTA Jazz ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi.

Sauti inafika huku milimani

Je, mtu wa Liganga aliwezaje kumjua Mbaraka? Dansi lilikuwa mbali. Umeme haukuwapo vijijini. Jibu ni chombo hiki hiki mnachokisikiliza sasa.

Matangazo ya redio yalianza Dar es Salaam mwaka 1951. Julai 1965 shirika la utangazaji likawa idara ya Serikali, likaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio hiyo iliita bendi studio, ikanasa nyimbo zao katika kanda, na kuzitangaza nchi nzima. Redio za transista zilitumia betri, kwa hiyo hazikuhitaji umeme. Mtu mmoja kijijini akinunua redio, nyumba kumi zilisikiliza. Betri zikichoka zilianikwa juani zipate nguvu kidogo. Hivyo ndivyo mtu aliyekuwa hajavuka mto Ruaha aliweza kujua wimbo wa Morogoro neno kwa neno.

Na kumbukeni kwamba wengi wa wasikilizaji hao walikuwa hawajui kusoma. Gazeti halikuwafaa. Wimbo uliwafaa. Kwao mtungaji alikuwa gazeti.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz walipewa heshima kubwa. Walichaguliwa kwenda Osaka, nchi ya Japani, kwenye Maonyesho ya Dunia yaliyoitwa Expo 70. Maonyesho hayo yalidumu miezi sita, na watu zaidi ya milioni 64 waliyatembelea. Mbaraka alikuwa na miaka 26. Aliporudi alitunga wimbo wa safari hiyo, akauita Expo 70. Mtu akienda mbali halafu akarudi kuwasimulia wa nyumbani, huyo amefanya kazi ya mwalimu.

Wimbo wa msiba wa Iringa

Sasa nakuja kwenye jambo linalowahusu ninyi zaidi. Leo Njombe ni mkoa, tangu mwaka 2012. Lakini zamani Njombe ilikuwa wilaya ya mkoa wa Iringa. Mkuu wa mkoa huo alikuwa Dk. Wilbert Kleruu. Wakati huo Serikali ilikuwa inahimiza vijiji vya ujamaa. Huko Isimani, kaskazini ya Iringa, palikuwa na wakulima wakubwa wa mahindi ambao hawakupenda mashamba yao yaingie katika ujamaa. Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1971, Dk. Kleruu aliuawa huko kwa risasi. Mkulima aliyemwua alishitakiwa akahukumiwa kifo.

Mbaraka alitunga wimbo wenye jina la Dk. Kleruu. Nchi nzima iliusikia. Wako watu wengi waliojua msiba huo kwa wimbo kuliko kwa gazeti.

Hapa wanafunzi wa historia wasimame kidogo wafikiri. Wimbo wa maombolezo kwa kawaida hufanya kazi moja: humlilia aliyekufa na kuwapa pole waliobaki. Ni kazi ya heshima. Lakini mtu akitaka kujua kwa nini jambo lilitokea, wimbo mmoja haumtoshi. Itampasa aulize mke wa marehemu, na wakulima wa Isimani, na wale walioingia vijijini kwa hiari, na wale walioingia bila kupenda. Tukiwa na wimbo tushukuru, kisha tuendelee kuuliza. Ndiyo njia ya historia.

Bendi yake mwenyewe

Mwaka 1973 Mbaraka alitoka Morogoro Jazz. Alianzisha bendi yake, Super Volcano, na mtindo wake ukaitwa Masika. Ninyi mnajua masika ni nini. Ni mvua kubwa. Ikianza kunyesha hakuna anayeizuia.

Kutoka katika bendi yenye jina si jambo dogo. Nimewaambia habari za vyombo. Juu ya hayo, shabiki hupenda bendi kama mtu apendavyo kijiji chake, na anayeondoka huonekana msaliti. Lakini nyimbo zilimfuata mtungaji wake. Zipo nyimbo za Mbaraka ambazo watu wazima wote wanazijua mpaka leo: Shida, Jogoo la Shamba, Mtaa wa Saba, Pesa Namba Moja. Tazameni majina hayo tu. Shida. Pesa. Shamba. Mtaa. Hakwenda mbali kutafuta habari za kuimba. Alizikuta mlangoni kwake na mlangoni kwenu.

Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Kijana anayetoka kijijini kwenda mjini anaujua uchungu wa methali hiyo. Lakini Mbaraka mwenyewe alikuwa mtu wa Morogoro, siyo wa Dar es Salaam, na aliwika Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala.

Santuri na malipo

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Nani alipata fedha ya nyimbo hizi?

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Ilikuwa lazima kwenda Nairobi. Huko zilitengenezwa santuri ndogo, zenye mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja wa santuri haukutosha wimbo mrefu wa dansi. Basi wimbo ulikatwa mara mbili: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa pili. Ukicheza nyumbani, ilikubidi uinuke katikati ya wimbo kwenda kuigeuza.

Mtungaji aliweza kulipwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza, anauza wimbo mara moja. Anapewa fedha mkononi, anatia sahihi, basi. Wimbo ukivuma miaka mingi, hana chake tena. Njia ya pili, anapata sehemu ndogo ya fedha kwa kila santuri inayouzwa. Njia hii ni bora, lakini inataka mkataba ulioandikwa vizuri, na inataka mtu anayeweza kuusoma. Wanamuziki wengi wa Afrika Mashariki walitia sahihi karatasi za Kiingereza wasizozielewa. Wengine walitia dole gumba.

Linganisheni na mambo ya nje. Miaka hiyo hiyo huko Marekani walitokea waimbaji wengi waliotunga na kuimba wenyewe, kwa muziki wa taratibu, wa gita au piano. Mmoja ni mama Carole King. Kwanza aliwatungia watu wengine nyimbo. Mwaka 1971 akatoa santuri kubwa ya nyimbo alizoimba mwenyewe, iitwayo Tapestry, ikauzwa kwa mamilioni. Mama huyu alikuwa na kipaji, ndiyo. Lakini pia nchi yake ilikuwa na vyama vilivyohesabu nyimbo zilizopigwa redioni, vikamkusanyia mtungaji fedha yake. Mbaraka hakupungukiwa kipaji. Kilichopungua kwetu ni kalamu na daftari la hesabu.

Mfano mwingine ni wimbo wa Malaika, ambao kila mtu anaujua. Fadhili William wa Kenya aliunasa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba, ukasikika dunia nzima. Lakini nani aliutunga? Watu zaidi ya mmoja walidai kuwa wao ndio wenyewe. Fadhili William alikufa mwaka 2001, na ubishi haukwisha. Laiti mtungaji angaliandika maneno yake kwenye karatasi siku ile ya kwanza, akatia tarehe na jina, mbele ya shahidi!

Safari ya mwisho

Mwezi wa Februari mwaka 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Kwa mfanyabiashara hilo lilikuwa tatizo. Kwa mwanamuziki wa Tanzania lilikuwa kama kufungiwa ghala: santuri zake zilitengenezwa upande wa pili, na mashabiki wake wengi walikuwa huko.

Hata hivyo Mbaraka alifika Kenya. Mwezi wa Januari mwaka 1979 alikuwa Mombasa. Huko alipata ajali ya gari, akafa. Aliacha familia, bendi, na nyimbo nyingi. Bendi ilipoteza nguzo yake, haikupata tena jina ililokuwa nalo. Nyimbo hazikufa. Zilikuwamo katika kanda za redio na santuri za Nairobi, na zaidi ya yote katika vichwa vya watu.

Sheria ya hakimiliki ilikuwapo Tanzania tangu mwaka 1966, lakini iliwafikia watungaji wachache. Mwaka 1999 ilitungwa sheria mpya. Chini yake ikaanzishwa COSOTA, ambayo ni ofisi ya kulinda haki za watungaji. Sheria hiyo iliweka kwamba haki ya mtungaji hudumu maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kifo chake. Andikeni hesabu hii katika daftari: 1979 kujumlisha 50. Jibu ni 2029. Kwa hesabu hiyo, nyimbo za mtu aliyezikwa mwaka 1979 zina haki hata sasa. Lakini haki hiyo humfaa mjane au mtoto mwenye karatasi ya kuonyesha.

Jambo la kushika

Ndugu wanafunzi, labda mmoja wenu anasema moyoni: Mimi si mwimbaji. Mimi nalima viazi na mahindi. Habari hizi zanihusu nini?

Zakuhusu. Mtu akiuza miti yake kwa mfanyabiashara, kuna karatasi. Akipimiwa shamba, kuna karatasi. Akikopa mbolea, kuna karatasi. Kila mahali pa jasho lako pana mtu anayekuletea karatasi akikuambia: tia sahihi hapa. Hapo ndipo utakapokumbuka usiku huu wa darasa. Mwambie: ngoja kwanza, nisome. Asiyetaka usome, huyo umwogope.

Haya, kwaherini. Juma lijalo tutasoma juu ya kuandika barua ya madai. Lalani salama.

Maneno mapya

Hakimiliki: haki ya mtu juu ya kazi aliyoibuni, kama wimbo, kitabu au picha.
Kunasa: kuchukua sauti na kuiweka katika kanda au santuri.
Mkataba: mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.
Chemko: sehemu ya mwisho ya wimbo wa dansi, yenye mwendo wa haraka.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini muziki wa dansi ulistawi Morogoro? Tajeni sababu tatu.
2. Mtungaji aliweza kulipwa kwa njia gani mbili? Ipi ni bora, na kwa nini?
3. Wimbo wa msiba unaweza kutufundisha nini katika historia? Hauwezi kutufundisha nini?
4. Mwulizeni mzee mmoja wa kijiji aliyefanya kazi mashamba ya mkonge, au ambaye baba yake alikwenda huko: alirudi na wimbo gani? Andikeni maneno yake, jina lake, na tarehe ya leo. Yasomeni darasani juma lijalo.